Dakika Ishirini na Nane za Chiriku

Ofisini walimwita Dakika. Nyumbani tulimwita Shangazi, ingawa hata huko jina la ofisini lilikuwa linamtoka mtu bila kukusudia, hasa siku ambayo chakula kimechelewa. Ni dada yake baba, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kutembea nyuma ya watu wanaokwenda kuchota maji, saa ya kupimia ikining'inia shingoni, kuona wanatumia muda gani. Nikiwaeleza watu hivyo hucheka. Na wacheke tu. Ripoti nzima ya maendeleo ya mkoa ilikuwa imesimama juu ya miguu ya yule mama.

Watu wakisikia "maendeleo endelevu" hufikiria hotuba na wakubwa waliovaa suti. Kwetu yalikuwa fomu yenye maswali sitini. Kila baada ya miaka minne idara yetu ya takwimu hurudi kwenye nyumba zile zile, kumi kwa kila kitongoji, ijue watu wamesogea au wamekaa pale pale. Mnawasha taa gani. Choo kipo. Mtoto anasoma. Halafu maji: toka mlangoni hadi bombani, panga foleni, jaza, rudi mlangoni. Chini ya nusu saa, nyumba imefaulu. Zaidi ya hapo, haijafaulu. Nyumba tano kati ya kumi zikifaulu, kitongoji kinapakwa kijani kwenye ramani. Zikipungua, kinapakwa nyekundu, na mabomba mapya huanzia kwenye nyekundu. Kijani husubiri.

Shangazi mwenyewe alikuwa hana dogo. Alipima chai ikichemka, alipima hotuba za harusini na kumwambia msemaji usoni amezidisha kiasi gani. Mchumba wake wa kwanza na wa mwisho alichelewa kituoni dakika arobaini na mbili, akafika akakuta benchi tupu; Shangazi alimngoja thelathini tu. Baba mpaka leo husema tulimkosa shemeji kwa dakika kumi na mbili tu. Shangazi humjibu kwamba heri kukosa dakika kumi na mbili kuliko kumvumilia mtu miaka thelathini. Mimi nimelelewa nyumbani kwake tangu nina miaka saba, na ninampenda. Nalisema mapema, kwa sababu haya ninayoyaeleza yanaweza kumfanya mtu amfikirie vingine.

Mwaka wa mzunguko wa pili utaratibu ulibadilika: mmoja apime, mwingine aandike kwenye kishikwambi. Nikaajiriwa kuwa mwandishi na, kwa bahati au kwa mipango yake, nikapangwa naye. Siku ya tatu tulipanda kitongoji kilicho juu ya machimbo ya kokoto. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya mabati, juu ya majani, mpaka kwenye kope za watu. Malori yalikuwa yanashuka na mizigo, sisi tunajibana ukingoni kuyapisha, na Shangazi alikuwa na furaha ambayo sikuizoea kazini.

"Leo utamwona Chiriku," aliniambia. "Nyumba ya mwisho kule juu. Mtoto ana mdomo huyo! Mama yake ndiye kampa jina. Mara ile alikuwa na miaka kumi na mmoja, sasa atakuwa msichana mzima."

Akanisimulia huku anahema. Mama wa nyumba ile anagonga kokoto, kwa hiyo mchotaji wa maji alikuwa binti. Mtoto alikamata ndoo, akateremka mbio, akajaza bila foleni kwa vile ilikuwa siku ya kazi, akapanda mbio na ndoo kichwani. Shangazi alifika mlangoni nyuma yake ulimi nje. Dakika ishirini na nane. Alimwonyesha mtoto saa, akamwambia, "Una miguu wewe!" Chiriku akauliza, utarudi lini kunipima tena? Miaka minne. Basi utakuta nimepunguza, akasema.

Shangazi alicheka alipofika hapo. Alikuwa amemletea saa, ile yake ya akiba, ameifunga kwenye karatasi ndani ya mkoba.

Mimi nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa muongozo wiki ile ile, na ulikuwa bado wa moto kichwani. Nikasema, "Lakini Shangazi, muongozo si unasema apimwe kwa mwendo wake wa kawaida?"

Alijibana ukingoni mpaka lori likapita.

"Unasema hivyo," akajibu. "Na ukiwa na shaka, unarudia kupima. Ilikuwa nyumba ya tisa siku ile, mwanangu. Miguu ilikuwa imenivimba. Nikasema, nilichopima ndicho nilichopima."

Sikuendelea. Mtu aliyenifundisha kufunga viatu siwezi kumsomea muongozo barabarani.

Mama wa nyumba ya mwisho alitusikia kabla hatujabisha. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vimefungwa vitambaa kwa sababu ya nyundo, na alimtambua Shangazi papo hapo. Tukasalimiana, akatupa vigoda, nikafungua fomu.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?"

"Mmoja."

Kishikwambi kina kumbukumbu ya mzunguko uliopita. Kilinionyesha wawili, kikataka sababu, na kikanipa majibu matatu ya kuchagua: amehama, amefariki, mengineyo. Nami kwa ugeni wangu nikasoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

"La pili hilo," mama alisema.

Mkono wa Shangazi ulikuwa ndani ya mkoba. Ukabaki humo humo.

"Lini?" akauliza.

"Mwaka ule ule mliokuja. Baada ya miezi mitano. Lori, pale kwenye kona." Alisema polepole, kama anayeeleza njia kwa mgeni. "Tangu siku ile mliyompima, mama, mtoto hakutembea tena. Kila akienda maji anakimbia. Hana saa, basi anahesabu kwa mdomo, moja mpaka sitini, anaanza tena. Akirudi ananiambia amefikisha ngapi. Alikuwa amefika ishirini na tatu. Alisema mama wa saa akija atashangaa."

Nilimtazama Shangazi. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu, lakini siku ile niliona.

"Haya," mama akainuka na kuchukua ndoo. "Nipimeni na mimi. Si ndiyo kazi iliyowaleta?"

Tulimfuata. Alishuka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda amekaa juu ya mawe, na midomo yake ilikuwa inacheza. Niliposogea karibu nikasikia: hamsini na saba, hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Moja. Mbili. Karibu na kona aliacha barabara, akaingia vichakani, akazunguka kwa mbali kwenye miiba, akatokea upande wa pili bila kugeuza uso. Kurudi vile vile, na ndoo kichwani. Shangazi alikuwa nyuma yake, saa mkononi, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Dakika arobaini na nne.

Kishikwambi kikakataa. Bomba lile lile, nyumba ile ile, tofauti ya dakika kumi na sita: toa maelezo. Sikuwa na maelezo. Nikaiacha fomu wazi, tukashuka, na saa ya akiba ikarudi nyumbani kwenye karatasi yake.

Mkuu wa takwimu ni mtu mpole, na upole wake ndio unaonichosha. Alitukaribisha viti, akafungua ramani ya kitongoji. Nyumba nyingine tisa zilikuwa hazijabadilika: nne zimefaulu, tano hazijafaulu. Ya Chiriku ndiyo ilikuwa ya tano ya kufaulu. Ile mbio ya mtoto ndiyo iliyokipaka kitongoji kizima kijani, na kwa miaka minne bomba jipya likapelekwa upande mwingine wa kilima.

"Tatizo langu si hii arobaini na nne, mama," Mkuu alimwambia Shangazi. "Tatizo langu ni ishirini na nane. Kikitoka kijani kikaenda nyekundu, wakubwa wataniuliza tulirudi nyuma vipi."

"Hatukurudi nyuma," Shangazi akasema. "Hatukuwahi kufika."

"Basi tuandike mwenye nyumba ni mgonjwa. Ukiandika mgonjwa, mashine inabakiza namba ya zamani. Yamekwisha."

"Si mgonjwa."

"Amefiwa. Anazunguka vichakani. Huo ni ugonjwa pia, ukitazama vizuri."

Nilitaka kumrushia kishikwambi. Shangazi aliuliza kwa utulivu kama kuna njia nyingine. Ilikuwepo. Mpimaji aandike kwa mkono wake kwamba namba ya kwanza ni batili na alijua ni batili alipoiandika. Mwenye nyumba asomewe maneno hayo, naye aweke dole gumba. Hapo namba inafutwa. Ila mpimaji wa namna hiyo haruhusiwi kupima tena, hata siku moja.

"Umebakiza miezi mitano ustaafu," Mkuu akasema. "Tumeshapanga sherehe ya kukuaga. Miaka ishirini na sita hujawahi kusahihishwa. Fikiria kwanza, mama. Nakupa wiki mbili."

Zile wiki mbili sitaki kuzirudia. Shangazi aliivua saa shingoni akaifungia kabatini, lakini kichwani haikuzimika. Nikiosha vyombo namsikia nyuma yangu: thelathini na moja, thelathini na mbili. Asubuhi majirani walipokuwa wanapita na ndoo zao, yeye alisimama dirishani na kukunja uso.

"Nani huyo anakimbia?"

"Hakuna anayekimbia, Shangazi."

"Huyo. Anapanda. Sikiliza, ana ndoo."

Nilimtolea uvivu siku moja. Nilimwambia kwa ukali kwamba dereva ndiye aliyemgonga mtoto, si yeye, na kwamba watoto hukimbia tangu dunia iumbwe bila kuambiwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningerudia kupima," akasema, "angetembea mbele yangu. Ningemwambia, hapana, tembea kama siku zote. Angejua ninachotaka ni kutembea."

Nilitoka nje kuanika nguo, jua limesimama utosini, barabara tupu. Na pale, nikiwa na shuka mikononi, nilisikia mtu mdogo anahesabu kwa pumzi fupi fupi, nyuma ya ukuta, akipanda. Ilifika arobaini na kitu ikapotea. Sikwenda kuchungulia. Niliingia ndani nikafunga mlango, na Shangazi akanisogezea kiti.

Siku ya kumi na moja alivaa gauni lake la kazi na kuniambia nichukue kishikwambi.

Mama Chiriku alikuwa juu ya rundo lake la kokoto. Shangazi hakungoja kigoda. Alisimama mbele yake, karatasi mkononi, na kusoma alichokiandika: kwamba alimwona mtoto anakimbia, kwamba alijua huo si mwendo wake, kwamba alichoka na akaona uvivu kurudia, akaandika ishirini na nane na kumsifu. Alipomaliza akasema, "Na kwa sababu yangu mtoto wako hakupumzika tena. Sikuombi unisamehe. Nakuomba dole gumba tu, mpate bomba."

Mama aliweka nyundo chini. Nilifikiri atatufukuza, na moyoni nilikuwa nimeshakubali tufukuzwe.

"Hukumwambia wewe akimbie," alisema.

"Nilimsifu."

"Ulimsifu amesharudi. Nani alimwambia akimbie alipokuwa anaondoka?" Alikuwa anafungua kitambaa cha kidole na kukifunga tena. "Mimi. Ulikuja na mkoba wako na viatu vyako, nikaona aibu. Nikamvuta pembeni nikamwambia, kimbia, usituaibishe mbele ya mgeni, asije akaandika kwamba sisi ni watu wa taabu. Nilidhani mnatafuta waliofaulu."

Kule chini mashine ya kusaga mawe ilikuwa inanguruma.

"Miaka minne nangoja mtu aniulize swali hilo," akaendelea. "Msibani hawakuniuliza. Polisi waliuliza rangi ya lori. Nyinyi mna maswali sitini, na hilo halimo. Kila siku nazunguka ile kona kwa sababu najua pale ndipo ataniuliza yeye." Akanigeukia mimi. "Andika, binti. Andika ni mama yake."

"Usiandike," Shangazi akasema haraka. "Mwanangu, usithubutu. Kosa la kipimo ni la mpimaji."

"Andika!"

Wote wawili walikuwa wananitazama, na kila mmoja alitaka amnyang'anye mwenzake lile zigo. Sehemu ya maelezo kwenye kishikwambi ni mstari mmoja. Nikaandika: *Mtoto alikimbia. Watu wazima walijua.* Nikawasomea. Mama alitikisa kichwa kukubali, akapaka wino akaweka dole gumba. Shangazi akaweka sahihi chini yake. Mashine ikapokea bila kuuliza.

Kitongoji kikawa chekundu. Ripoti ya mwaka ule ilisema mkoa umerudi nyuma kwa maji, wakubwa waliuliza, Mkuu akawajibu kwa upole wake, na Shangazi akaondolewa kwenye orodha ya wapimaji wiki ile ile. Sherehe ya kumuaga haikufanyika. Alibeba kikombe chake na kandambili zake za ofisini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Baba alikuja kumpa pole, akatafuta utani, akaukosa.

Bomba lilichukua mwaka na miezi mitatu. Nilitumwa peke yangu kuhakiki, maana chekundu kikiwekewa bomba lazima kiangaliwe kabla ya kupakwa kijani. Nyumba tisa zilikuwa zimefaulu zote. Kwa Mama Chiriku bomba lilikuwa hatua nane toka mlangoni, linang'aa, na saruji chini yake ilikuwa kavu kabisa. Majirani wawili walikuja wakachota, wakasema asante, wakaondoka. Mwenyewe alitoka ndani na ndoo, na nyuma yake, na ndoo nyingine, akatoka Shangazi.

Nyumbani alikuwa ananiambia anakwenda kutembea.

"Shikamoo mama. Shikamoo Shangazi. Mbona mnakwenda mbali?" nikauliza. "Maji si haya hapa?"

"Marahaba. Hayo wachote majirani," mama alisema. "Mimi siku hizi sizunguki tena, binti. Napita barabarani, nafika pale kwenye kona, nasimama. Nilimkwepa miaka minne. Sasa nikikaa hapa mlangoni nafungua bomba, yeye kule atabaki na nani?"

Wakashuka pamoja, taratibu, wakiwapisha madereva. Nikafungua fomu, swali la ishirini na tisa, unachota maji wapi, nikajaza bomba la zamani.